Rangi ya "do" ni ipi? Jibu kuhusu muziki na uchoraji wa Ulaya

Swali: "Nafundisha sanaa za ufundi katika sekondari, na Jumapili naimba besi kwenye kwaya. Katika kitabu kimoja nimesoma kwamba mchoraji Kandinsky 'alichora muziki' na kwamba kila rangi ina sauti yake. Wanafunzi wakaniuliza: basi rangi ya 'do' ni ipi? Nimetafuta, kila mwandishi ana yake. Je, uhusiano wa muziki na uchoraji wa Ulaya ni wa kweli, au ni maneno ya kupamba tu? Na kama upo, nitaufundishaje kwa vitendo?"

Mwalimu, "do" haina rangi. Waambie hivyo wanafunzi wako bila kusita, kisha waonyeshe sababu. Louis-Bertrand Castel, padre Mjesuiti wa Ufaransa wa karne ya 18, alishikilia kwamba noti ya C ni buluu. Mtunzi Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov aliona ufunguo wa C kuwa mweupe. Mrusi mwenzake, Alexander Scriabin, aliuona mwekundu. Tena hawa wanazungumzia C yenyewe, si "do" ya solfa ya kwayani inayohama kila ufunguo ukibadilika. Wote watatu walikuwa na masikio makini na hakuna aliyedanganya. Walieleza kinachotokea vichwani mwao, wala si sheria ya maumbile.

Hata hivyo uhusiano upo, na ni wa kina. Wachoraji wa Ulaya waliwaachia wanamuziki sauti, wakachukua ufundi wa kupanga: uwiano wa vipimo, namna ya kubeba hali moja katika kazi nzima, na zaidi ya yote namna ya kufanya sauti kadhaa ziende pamoja bila kumezana. Hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalofundishika vizuri kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Anza na majaribio mawili darasani. La kwanza: bonyeza C, E na G kwa pamoja kwenye kinanda, umwombe mwanakwaya mzoefu aimbe ile ya katikati. Ataipata. Noti tatu zimeingia sikioni pamoja na bado kila moja iko hai. La pili: fungua picha ya manjano tupu kwenye simu, weka tone dogo la maji juu ya kioo, dogo kama kichwa cha kiberiti, halafu tazama kupitia tone hilo. Utaona vitaa vyekundu na vya kijani, hakuna hata kimoja cha manjano. Futa tone, na manjano inarudi. Hakuna mazoezi duniani yatakayolifundisha jicho kuona nyekundu na kijani ndani ya manjano ile kwa umbali wa kawaida. Tone likiwa kubwa mno hutaona kitu; lipunguze kwa ncha ya kitambaa.

Sikio hutenganisha, jicho huchanganya. Kila mchoraji aliyetaka kufanya kazi kama mwanamuziki aligonga ukuta huu, na historia yote ninayokueleza hapa ni ya watu waliotafuta njia ya kuuzunguka.

Ukuta una upande wa pili pia. Sikio la kijana husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi 20,000, yaani karibu oktava kumi (oktava ni mwendo wa "do" hadi "do" inayofuata, ambapo mitetemo huwa maradufu). Jicho huona mawimbi ya mwanga ya nanomita 380 hadi 750 hivi, haifiki hata oktava moja kamili. Noti hurudi: "do" ya juu ni ndugu wa "do" ya chini. Rangi haina nafasi ya kurudi. Ndiyo maana kila jedwali la kulinganisha noti na rangi linalazimishwa mahali fulani, na mwenye kulilazimisha zaidi ni Isaac Newton. Mwanzoni alitaja rangi kuu tano za upinde: nyekundu, manjano, kijani, buluu na zambarau. Akaongeza chungwa na nili ili zifike saba kama noti za skeli, na katika duara la kitabu chake cha Opticks cha 1704 rangi hizo mbili amezipa vipande vyembamba, mahali hasa ambapo skeli ina hatua nusu. Wanafunzi wako wanaohesabu rangi saba za upinde wa mvua wanahesabu ngazi ya muziki bila kujua.

Castel alitaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 1725 alitangaza wazo la kinanda cha macho: ukibonyeza kitufe, rangi inajitokeza badala ya sauti. Alihangaika nacho hadi kifo chake mwaka 1757. Karibu karne mbili baada ya tangazo hilo, Scriabin aliandika ndani ya Prometheus, kazi ya okestra aliyoimaliza 1910, mstari maalumu wa taa ulioitwa "Luce". Ilipopigwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1911 haikuwa na taa. Taa zilitumika New York mwaka 1915. Ubovu wa majaribio ya aina hii ni uleule: rangi zikipishana kwa kasi ya noti, jicho linachoka na kuona kumetameta tu, na zikiwashwa pamoja zinachanganyika kuwa rangi moja. Scriabin alilijua hilo kwa kiasi. Mstari wake wa taa una sauti mbili tu, na moja inakwenda polepole mno. Usianzie hapa darasani.

Sasa, kwa nini wachoraji waliutamani muziki? Mwanzoni sababu ilikuwa heshima. Katika elimu ya Ulaya ya zama za kati muziki ulikaa pamoja na hesabu, jiometria na elimu ya nyota, kwa kuwa ulisimama juu ya namba. Uzi ukikatwa nusu hutoa oktava, uwiano 1:2. Theluthi mbili zake hutoa hatua ya tano, 2:3. Robo tatu hutoa hatua ya nne, 3:4. Uchoraji ulikuwa kazi ya mikono, mtu akijiandikisha kwenye chama cha mafundi kama seremala. Leon Battista Alberti, msanifu majengo wa Italia, katika kitabu chake cha ujenzi cha katikati ya karne ya 15, aliwaambia mafundi wachukue vipimo vya vyumba kwa wanamuziki, kwa hoja kwamba namba zinazopendeza sikio ndizo zinazopendeza jicho. Si kweli kabisa, maana jicho halipimi uwiano kwa usahihi wa sikio. Ukipunguza uzi kwa asilimia tatu kila mtu atasikia umetoka nje ya noti. Ukipunguza fremu ya picha kwa kiasi hicho hakuna atakayestuka. Lakini kama nidhamu ya kuanzia ni nzuri: karatasi ya 20 kwa sentimita 30, mstari wa upeo kwenye theluthi, tayari una mifupa.

Leonardo da Vinci, ambaye mwenyewe alipiga ala ya nyuzi, aliuita muziki dada wa uchoraji, ila akampa uchoraji nafasi ya kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba muziki hufa papo hapo unapozaliwa, ilhali picha huweka sehemu zote mbele yako kwa wakati mmoja na kuzihifadhi. Shikilia hoja hiyo. Itarudi miaka mia nne baadaye kwa mtu mwingine.

Picha zinazoonyesha wanamuziki ni nyingi, na nitazipitia haraka kwa sababu zenyewe hazijibu swali lako. Katika picha ya "Mabalozi" ya Hans Holbein ya 1533, iliyoko National Gallery mjini London, kuna luti, ala ya nyuzi ya Ulaya, yenye uzi mmoja uliokatika na kitabu cha tenzi za Kilutheri kilichofunguliwa: mtu wa enzi ile alisoma humo mfarakano wa makanisa. Katika mpiga luti wa Caravaggio aliyeko Hermitage, St. Petersburg, noti zimechorwa kwa usahihi kiasi kwamba wataalamu wamezitambua kuwa ni nyimbo za mtunzi Jacques Arcadelt. Luti yenyewe, hata kwa jina, ni mtoto wa udi wa Waarabu, udi uleule unaopigwa kwenye taarabu ya Unguja. Mwanafunzi anayeujua udi ana haki ya kuzitazama picha hizi kama mtu wa nyumbani.

Hatua ya pili ya kweli, baada ya ile ya vipimo, ni ya Nicolas Poussin, Mfaransa aliyefanya kazi Roma. Mwaka 1647 mteja wake, Chantelou, alilalamika kwamba picha aliyochorewa mteja mwingine, ya mtoto Musa akiokotwa mtoni, ilikuwa na mvuto kuliko yake, ambayo ilionyesha moja ya sakramenti saba. Poussin akamjibu kwa barua ya Novemba 24. Wagiriki wa kale, alisema, walikuwa na tabia mbalimbali za muziki: ya Kidori kwa mambo mazito na ya busara, ya Kifrigia kwa mambo makali, ya Kilidia kwa maombolezo, ya Kiionia kwa furaha na ngoma. Picha nayo ina tabia yake, na picha ya sakramenti haiwezi kuchekacheka kama ya mtoto kando ya mto. Maelezo yenyewe ya tabia hizo aliyanakili karibu neno kwa neno kutoka kwa Gioseffo Zarlino, mwananadharia wa muziki wa Venezia, bila kumtaja. Hilo halipunguzi thamani ya wazo. Poussin alikuwa anasema kwamba mchoraji achague tabia moja kwanza, kisha kila kitu kiitii: mwelekeo wa mistari, umbali kati ya watu, kiasi cha giza, hata mikunjo ya nguo.

Hili unaweza kulifundisha kwa kipindi kimoja. Wape wanafunzi tukio moja, tuseme watu sita wakigawana chakula, walichore mara mbili kwa penseli. Mchoro wa kwanza ni wa tabia nzito: mistari ya wima na ya mlalo tu, watu wametengana kwa nafasi sawa, vivuli viwili au vitatu visivyozidi. Wa pili ni wa furaha: mistari ya mshazari, watu wanagusana, mwanga na giza vikipishana karibu karibu. Kosa linalojirudia ni kubadilisha nyuso badala ya mpangilio. Wanachora watu wakitabasamu, basi. Kataza nyuso kabisa, vichwa viwe mayai matupu, na tabia italazimika kutoka kwenye mistari.

James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alichukua majina moja kwa moja. Picha zake za mto Thames usiku aliziita "Nocturne", jina la utungo wa piano wa usiku, kwa pendekezo la mteja wake Frederick Leyland aliyependa piano. Jina lilifanya kazi maalumu: lilimzuia mtazamaji asiulize "hapa ni wapi, huyu ni nani", likamwelekeza kwenye buluu na dhahabu tu. Mbinu nayo ilifuata. Alilainisha rangi ya mafuta mpaka ikawa maji maji, mwenyewe aliiita mchuzi, na mara nyingine ililazimu kuilaza turubai sakafuni ili isichuruzike. Mhakiki John Ruskin alipoandika kwamba Whistler anadai gini 200 (gini ni kipimo cha zamani cha fedha ya Uingereza) kwa kuwarushia watu kopo la rangi usoni, kesi ilifika mahakamani Novemba 1878. Whistler alishinda, akapewa fidia ya robo ya peni. Picha zile zina sauti moja ndefu iliyoshikiliwa, na kwa sauti moja ukuta wetu hausumbui. Taabu huanza unapotaka sauti ya pili.

Aliyeikabili mapema, kwa maoni yangu kwa ujasiri kuliko wote, ni Mikalojus Konstantinas Čiurlionis wa Lithuania, aliyezaliwa 1875 na kufa 1911. Alikuwa mtunzi aliyesomea Warsaw na Leipzig kabla ya kushika brashi, kwa hiyo aliposema "sonata", yaani utungo wa sehemu kadhaa zenye mwendo tofauti, alijua anachosema. Sonata yake ya Bahari ya 1908 ni picha tatu: Allegro (mwendo wa kasi), Andante (wa wastani) na Finale (ya kumalizia). Bahari ni ileile na mwendo unabadilika, na katika ya mwisho wimbi kubwa linasimama juu ya mashua ndogo huku povu likiandika herufi za jina lake. Katika mchoro wake wa "Fyugu" wa mwaka huohuo vilele vya miti ya misonobari vinajirudia kwa ukubwa tofauti, kisha vinajirudia tena kichwa chini majini. Fyugu, kwa asiyeijua, ni utungo ambapo sauti moja huanza na wimbo mfupi, ya pili ikaudaka huku ya kwanza ikiendelea, ya tatu hivyo hivyo. Na watunzi hupenda kuupindua wimbo ule juu chini. Čiurlionis aliona kwamba kivuli majini ni mpinduo huohuo. Kazi zake nyingi ziko kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Kaunas.

Ndipo tunafika kwa Kandinsky wako. Mwanzoni mwa Januari 1911 alihudhuria tamasha la muziki wa mtunzi Arnold Schönberg mjini München: kwateti ya pili ya nyuzi na vipande vitatu vya piano. Siku chache baadaye akachora "Impression III (Konzert)", turubai ya sentimita 77.5 kwa 100 iliyoko Lenbachhaus mjini humo. Itazame polepole. Lile doa kubwa jeusi juu ni piano yenye mfuniko wazi. Chini yake, kushoto, vile vijipinde vya rangi ni wasikilizaji waliolalia upande wa jukwaa. Upande wa kulia manjano imejimwaga kama kitu kilichopasuka, haina umbo la chochote. Wanaopenda jedwali la rangi na noti huikimbilia manjano ile na kuuliza ni noti gani. Si noti. Kandinsky hakulinganisha rangi na noti. Alilinganisha na ala. Katika kitabu chake kuhusu mambo ya roho katika sanaa, kilichotoka Desemba 1911, manjano ni kama tarumbeta, buluu nyepesi ni filimbi, buluu iliyokolea ni chelo, na ikizidi kukolea ni kinanda cha kanisani. Kijani ni sauti tulivu za katikati za fidla. Nyeupe ni ukimya wa pumziko, nyeusi ni ukimya baada ya mwisho.

Ala zina kile ambacho Wajerumani hukiita "rangi ya sauti": tofauti ya filimbi na tarumbeta zikipiga noti ileile. Kwa lugha yao mlango ulikuwa wazi tayari. Lakini alichokipata kwa Schönberg ni kikubwa zaidi ya hapo. Katika barua aliyomwandikia mtunzi huyo Januari 18, 1911, alisema kwamba maisha ya kujitegemea ya kila sauti katika tungo zake ndiyo hasa anayoyatafuta kwenye uchoraji. Sauti zinazojitegemea: tumerudi ukutani. Kandinsky aliuzunguka kwa kutenga, kila doa likiwa na mahali pake, ukingo wake na mwendo wake, ili jicho lisipate nafasi ya kuyachanganya. Mwaka 1912 František Kupka, Mcheki aliyeishi Paris, alionyesha "Amorpha: Fyugu katika Rangi Mbili" na akapunguza zaidi: nyekundu na buluu tu, mapinde mawili yanayofukuzana juu ya nyeusi na nyeupe. Mzizi wake ni michoro ya mtoto wa mke wake akicheza mpira. Rangi mbili zinatosha kwa kufukuzana, na hakuna hatari ya matope.

Aliyelimaliza jambo hili kifundi ni Paul Klee. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki karibu na Bern, Uswisi; mke wake Lily mpiga piano; yeye mwenyewe mpiga fidla wa kiwango cha okestra. Alipokuwa akifundisha shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, kuanzia 1921, aliwachorea wanafunzi baa mbili za utungo wa sauti tatu wa Johann Sebastian Bach kwenye gridi, baa ikiwa ni kile kipande cha mapigo kati ya mstari na mstari kwenye noti. Kutoka kushoto kwenda kulia ni wakati, kutoka chini kwenda juu ni jinsi sauti ilivyo nzito au nyembamba, na mstari unanenepa na kukonda. Wanafunzi waliona kwa macho kwamba sauti tatu zinaishi pamoja kwa sababu hazitembei pamoja: moja ikipanda nyingine imetulia, moja ikiwa na hatua ndefu nyingine ina fupi. Klee pia aliamini, kama Leonardo, kwamba uchoraji una jambo moja la kuushinda muziki: ndani yake wakati umegeuka kuwa nafasi, hakuna kinachopotea wakati kingine kinatokea.

Dawa yake kwa jicho linalochanganya ilikuwa tabaka nyepesi za rangi ya maji. Umbo la kwanza linapopitiwa na la pili, pale yanapokutana rangi hubadilika, lakini kingo za yote mawili bado zinaonekana, na jicho hufuata kingo. "Fuge in Rot" ya 1921, kijipicha kidogo, imefanywa hivyo: umbo kama mtungi linaingia likiwa jeusijeusi, linajirudia hatua kwa hatua likizidi kung'aa mpaka waridi hafifu, huku maumbo mengine yakilidaka. Katika "Ad Parnassum" ya 1932, iliyoko Kunstmuseum Bern, alitumia dawa ya pili: miraba mikubwa ya rangi tulivu chini, na juu yake maelfu ya vidoa vidogo vilivyopangwa kwa safu, kila kidoa kimewekwa kwanza cheupe kisha kikapakwa rangi. Jina linatokana na kitabu cha kufundishia utunzi cha Johann Joseph Fux cha 1725. Karibu, unasikia vidoa. Mbali, unasikia miraba. Sauti mbili mahali pamoja, zimetenganishwa kwa ukubwa badala ya ukingo.

Hili ndilo somo la kuwapa wanafunzi wako, na wewe mwenye kwaya una nusu ya vifaa tayari. Usichukue utenzi wa kawaida wa sauti nne. Humo sauti zote hubadilika kwa pamoja kwenye kila silabi, na ukizichora utapata mistari minne iliyolala kama reli. Unahitaji utungo ambao sauti huingia kwa kupokezana. Haleluya ya Handel, ambayo kwaya nyingi zinayo kabatini, ina sehemu inayofaa: pale maneno yanaposema atatawala milele na milele, besi huanza, ikifuatwa na tenori, kisha alto, kisha soprano. Chukua baa kumi hivi kuanzia hapo.

Karatasi iwe A3 imelazwa. Gawa upana kwa nguzo za milimita 5, kila nguzo ikiwa nusu pigo. Baa kumi za mapigo manne zitachukua sentimita 40. Kwenda juu, piga safu 22 za sentimita moja, kila safu hatua moja ya solfa, na hizo zinatosha oktava tatu. Safu ya chini kabisa iwe noti ya chini kabisa ya besi. Noti zilizopandishwa au kushushwa kwa nusu, kama "fe", ziweke juu ya mstari unaotenganisha safu mbili. Noti fupi kuliko nusu pigo, gawa nguzo.

Hapa wengi huharibu: katika nakala za solfa, tenori na besi huandikwa oktava moja juu ya sauti yao halisi. Ukizihamisha kwenye gridi kama zilivyoandikwa, besi itapanda na kukaa juu ya alto, na mchoro wote utakuwa vurugu. Zishushe safu saba kila noti. Ukitumia noti za mistari, besi iko mahali pake, ila kagua tenori.

Mchoro ukikamilika, toa wimbo wa mwanzo wa besi peke yake, unganisha vichwa vya noti kwa mstari mmoja, ufunge kwa chini, na utapata umbo. Likate kwenye manila. Hilo ndilo kiolezo chenu. Kila sauti itatumia lilelile, likihamia juu na kulia pale sauti inapoingia. Liongeze upana kidogo ili kila umbo lipitane na jirani yake kwa theluthi moja hivi. Yakigusana kwenye ncha tu hakuna sauti mbili zinazoishi pamoja, ni foleni.

Kwa kupaka, chukua rangi ya maji moja tu, nyekundu au nili, kijiko kimoja cha chai kwa vijiko kumi vya maji, na changanya mililita 100 mara moja ili isibadilike katikati ya kazi. Karatasi isipungue gramu 200 kwa mita ya mraba. Ile ya fotokopi ya gramu 80 itajikunja na rangi itakusanyika mabondeni. Paka tabaka la kwanza karatasi nzima. Likikauka kabisa, dakika 15 hadi 20 kivulini, paka la pili kila mahali isipokuwa ndani ya umbo la soprano. La tatu liache wazi soprano na alto, la nne liache na tenori pia, la tano lipakwe nje ya maumbo yote manne. Soprano itabaki nyepesi kuliko zote, besi itakolea, na nje kutakuwa giza. Pale maumbo mawili yanapopitana, fuateni kanuni moja na msiibadilishe: sehemu ya pamoja ipate tabaka moja pungufu ya ile nyepesi kati ya hayo mawili, ili ing'ae kidogo kuliko yote mawili na kingo zote zionekane. Soprano inabaki na tabaka moja, kwa hiyo inapopitana na jirani hiyo sehemu ya pamoja ni lazima ihifadhiwe tangu tabaka la kwanza, iachwe karatasi tupu. Izungusheni kwa penseli kabla hamjagusa maji.

Rangi ya bango haifai kwa njia hii kwa sababu inaziba. Tabaka la pili litafunika la kwanza. Kama ndiyo mliyo nayo, changanyeni kila toni kwenye sahani na mpake sehemu za kupitana kama maumbo yanayojitegemea, rangi yake ikiwa imechanganywa kabla. Brashi iwe pana na ipite mara moja tu. Kuisugua mara ya pili huamsha tabaka la chini, na hapo mnapata madoa yenye kingo kama ramani. Na wanafunzi watataka kutumia rangi nne kwa sauti nne. Wakatalie kwa mara ya kwanza: nyekundu juu ya kijani, buluu juu ya chungwa, tabaka tatu tu na kila kitu kimekuwa kahawia. Mara ya pili waruhusu mbili, kama Kupka.

Kazi zikikauka zitundike, na mwambie mwanafunzi afuate sauti moja kwa kidole kutoka inapoingia hadi mwisho wa karatasi, huku wenzake wakiimba sehemu hiyo. Kidole kikisita, ukingo umepotea hapo. Rudisheni brashi mkakoleze nje yake. Anzeni na tenori. Kama kwenye kwaya, ndiyo hupotea kwanza.